Walimu wa Fizikia Walipokaribishwa Jikoni

Ndugu msikilizaji, kabla sijaanza mazungumzo ya wiki hii nakuomba jambo moja dogo. Nyoosha mkono, kiganja kikitazama juu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza kunyesha. Nawe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, weka gazeti chini ufanye vivyo hivyo. Sasa hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Kwa kila sekunde iliyopita, kwa wastani, chembe moja isiyoonekana kwa macho imeingia kiganjani mwako, ikatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake kuelekea ardhini. Chembe hiyo inaitwa myuoni. Haikukuuma wala haikukuunguza. Imekuwa ikikupitia tangu ulipozaliwa, usiku na mchana, hata ukiwa umelala chini ya bati.

Jambo hilo mimi nilichelewa sana kulijua. Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye pia ndiye aliyekuwa wa kemia, alichora ubaoni duara, katikati akaweka protoni na nyutroni, pembeni akazungusha elektroni, akatuambia tunakili. Mwenzetu mmoja, kijana mtundu aliyependa kuuliza, akanyoosha kidole: “Mwalimu, na ndani ya hiyo protoni mna nini?” Mwalimu alisimama kidogo, chaki mkononi. Kisha akajibu: “Hilo halimo kwenye mtihani.” Darasa likacheka, somo likaendelea.

Katika mwaka huo huo wa 1995, mwezi Machi, wanasayansi wa maabara iitwayo Fermilab, karibu na jiji la Chicago nchini Marekani, walitangaza kwamba wameipata ile kwaki ya sita iliyokuwa ikisakwa kwa miaka mingi. Kwaki ndizo zimo ndani ya protoni. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann, na kwa upande wake George Zweig. Majaribio yaliyoanza kulithibitisha yalifanyika California mwishoni mwa miaka ya sitini. Kwa maneno mengine, swali la mwenzetu lilikuwa limekwisha kupata jibu kabla yeye na mimi hatujazaliwa. Lakini jibu lilikuwa halijafika shuleni kwetu.

Zamani nilikuwa nikidhani kwamba halikufika kwa sababu sisi tuko mbali. Baadaye, katika kusoma na kudodosa kama ilivyo desturi ya kazi yetu, nikagundua kwamba hata huko Chicago kwenyewe, katika shule zilizo mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Fermilab, walimu wengi wa fizikia walikuwa wakifundisha sayansi iliyokomea mwanzoni mwa karne ya ishirini. Historia ninayotaka kuisimulia leo ni ya jinsi pengo hilo lilivyoanza kuzibwa, na ilizibwa kwa kitu ambacho kwa masikio yetu hakina mvuto wowote: semina za walimu.

Najua neno semina linatukumbusha nini. Mgeni rasmi amechelewa. Kuna faili la plastiki lenye kalamu moja, soda na sambusa saa nne, na minong'ono ya posho kuanzia saa sita. Nimeketi katika nyingi za namna hiyo na kinasa sauti changu mezani. Nakumbuka moja ya walimu wa sayansi ambapo hotuba za ufunguzi zilimaliza asubuhi nzima, na mkufunzi alipopewa nafasi, alisoma karatasi yake kwa kasi kama mtu anayekimbilia basi. Walimu walirudi makwao na vyeti.

Wamarekani nao walianza kwa hofu, si kwa mapenzi ya elimu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kuizunguka dunia, na Washington ikashikwa na kiwewe. Kamati ya wanasayansi iliyokuwa imeundwa mwaka mmoja kabla, huko Massachusetts, chini ya Jerrold Zacharias, ghafla ikapata fedha na masikio ya wakubwa. Ikaandika upya kitabu cha fizikia cha sekondari, ikatengeneza filamu na vifaa vya majaribio, na walimu kwa maelfu wakapelekwa vyuo vikuu wakati wa likizo kujifunza somo lao upya. Hofu ilipopungua, na mwanadamu alipokwisha kukanyaga mwezini mwaka 1969, fedha nazo zikapungua. Katika miaka ya sabini mafunzo yale yalififia. Hofu ya pili ilikuja Aprili 1983, tume ya serikali ilipotoa ripoti iliyosema taifa la Marekani liko hatarini kwa sababu ya shule zake mbovu. Safari hii waliotisha hawakuwa Warusi bali Wajapani na magari yao.

Fermilab ilikuwa na mtu aliyejiandaa kwa nafasi hiyo. Maabara yenyewe ilianzishwa mwaka 1967 katika mashamba ya mahindi ya Illinois. Mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Wilson, alileta nyati wa Kimarekani wakalishwa uwanjani humo, na vizazi vyao wamo hadi leo. Ni maabara pekee ninayoijua ambayo mtu anakwenda kutazama chembe ndogo kuliko zote na kuishia kutazama wanyama. Wilson huyu ndiye aliyeulizwa na seneta mwaka 1969 kama mtambo anaoujenga utasaidia ulinzi wa nchi. Alijibu kwamba hautasaidia moja kwa moja, isipokuwa kuifanya nchi istahili kulindwa.

Aliyemrithi ndiye hasa mtu wetu wa leo. Leon Lederman alizaliwa New York mwaka 1922, mtoto wa wahamiaji waliotoka Ukraine, baba yake akiendesha dobi. Alikuwa miongoni mwa watatu waliogundua mwaka 1962 kwamba kuna zaidi ya aina moja ya chembe ziitwazo nyutrino, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1977 aliongoza timu iliyoipata kwaki ya tano. Mtu wa namna hiyo angeweza kujifungia na mahesabu yake. Yeye, mara baada ya kushika ukurugenzi mwaka 1979, alianza kutumia Jumamosi zake asubuhi kuwafundisha watoto wa sekondari. Masomo hayo ya Jumamosi yalianza mwaka 1980, akishirikiana na Drasko Jovanovic, na yakaendelea kwa miongo.

Lakini ukifundisha watoto mia moja kwa Jumamosi umefundisha watoto mia moja. Ukimfundisha mwalimu mmoja, utakuwa umewafikia watoto mia moja kila mwaka mpaka atakapostaafu. Hesabu hiyo haihitaji Tuzo ya Nobel. Mwaka 1983 ikaundwa jumuiya ya marafiki wa Fermilab ili kutafuta fedha za elimu, na kiangazi hicho hicho walimu wa sayansi na hisabati wakaitwa maabara kwa mafunzo. Mama mmoja, Marge Bardeen, ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wanaume wa Nobel huandikwa magazetini, lakini ratiba, barua, vyumba vya kulala na kuwabembeleza wafadhili ni kazi ya watu kama yeye.

Mwaka 1986 Fermilab iliandaa mkutano mkubwa kuhusu kufundisha fizikia ya kisasa. Waliokutana walikuwa watafiti na walimu wa darasani. Katika kikao hicho likazaliwa wazo la kutengeneza chati ya ukutani ya chembe za msingi, ining'inizwe karibu na ile chati ya elementi inayojulikana na kila mwanafunzi wa kemia. Chati ilitoka mwishoni mwa miaka ya themanini, na wakati huo kwaki ya sita ilikuwa bado haijaonekana. Fikiria maana yake kwa mwalimu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ukutani ambacho angeweza kukionyesha na kusema: hapa wenyewe bado wanatafuta. Sisi tulifundishwa sayansi kama orodha ya vitu vilivyokwisha kupatikana na wazungu waliokufa.

Naona niseme hapa jambo ambalo wenye semina zile hawapendi liwekwe mbele. Fedha zilikuwa na mkono wake. Fizikia ya chembe ni sayansi ghali kupita kiasi, na mlipaji ni raia wa kawaida ambaye hajui kwaki ni mnyama gani. Somo hilo lilikuja kwa uchungu. Wamarekani walikuwa wameanza kuchimba handaki la mviringo huko Texas, la kilomita 87, kwa ajili ya mtambo ambao ungekuwa mkubwa kuliko wote duniani. Zaidi ya kilomita 20 zilikwisha kuchimbwa na dola zipatazo bilioni 2 zimetumika, Bunge lilipoufuta mradi mwezi Oktoba 1993. Wanasayansi waliachwa wakitazama shimo. Tangu siku hiyo kila mwanafizikia mwenye akili alielewa kwamba anahitaji marafiki nje ya maabara, na rafiki bora ni mwalimu wa shule anayezungumza na watoto wa wapiga kura. Mwaka 1997 shirika la serikali linalogawa fedha za utafiti nalo likaweka sharti kwamba anayeomba fedha aeleze, pamoja na ubora wa utafiti wake, manufaa yake kwa jamii pana. Mwezi Desemba mwaka huo Marekani ikaahidi dola milioni 531 kwa mtambo mpya wa Wazungu huko Geneva. Katika mazingira hayo, mwaka 1999, ndipo ulipozaliwa mpango wa QuarkNet.

Je, basi walimu walifanywa wapiga debe? Nimelifikiria swali hili. Jibu langu ni kwamba mtu akikualika kwake kwa sababu anataka kura yako, chakula utakachokula bado ni chakula. La kuuliza ni kama alikulisha kweli au alikuonyesha sahani tu.

Na hapa QuarkNet walifanya jambo la tofauti, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika mazungumzo haya. Hawakumwita mwalimu asikilize. Walimwita afanye kazi. Katika kila kituo, ambacho kwa kawaida kilikuwa chuo kikuu au maabara, walichaguliwa walimu wawili. Kiangazi cha kwanza walikaa wiki nane na wanafizikia katika utafiti wenyewe, wakilipwa. Ndiyo, posho ilikuwapo. Nyaya waliunganisha wao, takwimu walichambua wao, na walipokosea walirudia kama mtafiti yeyote. Kiangazi kilichofuata, wao wenyewe wakawa wakufunzi wa walimu wenzao kama kumi hivi wa eneo lao. Mwalimu akafundishwa na mwalimu, mtafiti akiwa pembeni kujibu pale mambo yanapokwama. Vituo viliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka vikapita hamsini. Huko Notre Dame, katika jimbo la Indiana, walimu na wanafunzi wao walitengeneza kwa mikono yao vifaa vya nyuzi za mwanga vilivyofungwa ndani ya mtambo wa Geneva.

Kazi iliyowapendeza wengi ni ya kunasa zile myuoni za kiganjani mwako. Hebu nieleze kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Huko angani, kilomita kumi hadi kumi na tano juu yetu, miale inayotoka mbali huko kwenye nyota huigonga hewa, na katika vurugu hiyo huzaliwa myuoni. Walimu hupewa vipande vya plastiki maalumu ambayo chembe ikiipenya hutoa mmweko mdogo sana wa mwanga. Kila kipande hufungiwa taa ya kinyume, yaani badala ya kutoa mwanga kutokana na umeme, yenyewe hupokea mwanga na kutoa umeme. Kisha plastiki hufungwa kwa karatasi ya fedha, halafu karatasi nyeusi, halafu gundi ya utepe, isibaki tundu hata la sindano. Hapo ndipo walimu hutoka jasho. Mwanga wa chumba ukipenya kidogo tu, kifaa kitahesabu takataka usiku kucha na wewe utadhani umegundua kitu. Unafungua, unatafuta tundu, unafunga tena. Mwalimu aliyewahi kulitafuta tundu hilo kwa siku mbili hawezi tena kumwambia mwanafunzi kwamba majaribio ya sayansi hutoa jibu sahihi mara ya kwanza.

Kifaa kikikubali, yanakuja maajabu. Myuoni nyingine hukwama ndani ya plastiki na kufa humo, na kifo chake hutoa mmweko wa pili. Ukipima muda kati ya mimweko miwili, mara nyingi sana, unapata wastani wa maisha ya myuoni: sehemu 2.2 za milioni moja za sekunde. Sasa piga hesabu ya darasani. Hata ikikimbia kwa mwendo wa mwanga, katika muda huo itakwenda mita 660 tu. Nayo imezaliwa zaidi ya kilomita kumi juu! Kwa hesabu hiyo, karibu zote zingepaswa kufa njiani na kiganja chako kisipate kitu. Lakini zinafika kwa wingi. Sababu ni ile aliyoieleza Albert Einstein mwaka 1905, kwamba kwa kitu kinachokimbia karibu na mwendo wa mwanga, saa yake, tukiitazama sisi tuliosimama, inakwenda polepole. Nadharia inayotajwa kama kitendawili cha wenye akili nyingi, mwalimu wa shule ya kata anaweza kuipima kwa plastiki na gundi ya utepe.

Ulaya nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1998 maabara ya CERN, Geneva, ilianza kuwaita walimu wa sekondari wakati wa kiangazi kwa wiki tatu. Kuanzia mwaka 2006 ikaongeza kozi fupi katika lugha za walimu wenyewe, kwa kuwa waligundua kwamba mwalimu anayeielewa kwaki kwa Kiingereza bado atahangaika kuifundisha kwa Kihungari. Wareno walipoandaa kozi ya lugha yao, wakaingia pia walimu kutoka Brazili na kwa jirani zetu wa Msumbiji. Jambo hili mimi mtu wa redio ya Kiswahili siwezi kulipita kimya. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko Kihungari mara nyingi, na bado mwalimu wetu akitaka kuieleza myuoni huanza kwa kuhangaika na jina lake, kama nilivyohangaika mimi wiki nzima nikiandaa mazungumzo haya.

Kwetu Afrika, wanafizikia kadhaa, mmoja wao Ketevi Assamagan mwenye asili ya Togo, walianzisha shule ya fizikia ya bara zima. Mkutano wa kwanza ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2010, na tangu hapo ikawa ikihama nchi hadi nchi. Mwezi Agosti 2016 ilifika Kigali, na humo ikawekwa warsha ya walimu wa sekondari. Kigali si Chicago. Kutoka Ngara ni safari ya basi ya siku moja na chenji inabaki.

Lederman hakuishia kwenye chembe. Mwaka 1990 alisaidia kuanzisha chuo cha kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati wa shule za msingi za Chicago, zile za mitaa maskini. Alipiga pia kelele kwamba shule za Marekani zinafundisha biolojia kwanza, kisha kemia, fizikia mwisho, ilhali mpangilio sahihi ni kinyume chake. Kwa Kiingereza mpangilio huo ni wa alfabeti tu. Kwa Kiswahili tungekuwa angalau tumeitanguliza fizikia mbele ya kemia. Uzeeni akili ilimtoka, na mwaka 2015 medali yake ya Nobel ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 765,000. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mtambo wake wa Fermilab ulikwisha kuzimwa tangu Septemba 2011.

Namalizia na mwalimu wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikutana naye stendi ya basi, amestaafu, ameshika kifurushi cha mbegu za mahindi. Alinifahamu kwa sauti kabla ya sura, maana hunisikia redioni. Nikamwamkia shikamoo, tukakaa kwenye benchi, nikamkumbusha lile swali la protoni. Nilidhani amelisahau. Alilikumbuka na jina la aliyeuliza. “Sikujua,” akasema. “Na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Miaka thelathini na mbili nimefundisha, nimeitwa semina nne. Mbili zilikuwa za kujaza fomu za maendeleo ya wanafunzi.”

Basi nikamweleza, pale pale stendi, wapiga debe wakipaza sauti juu ya vichwa vyetu: kwamba ndani ya protoni mna kwaki tatu, mbili za aina moja na moja ya aina nyingine, na kwamba ile ya sita iliyopatikana mwaka ule anatufundisha ina uzito unaokaribia wa atomi nzima ya dhahabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akauliza, “Na ndani ya kwaki?”

Nikamwambia mpaka sasa hakuna aliyeona kitu ndani yake, hata huko Geneva. Mzee akacheka mpaka akashika kifurushi chake kisianguke.

“Haya,” akasema akiinuka, maana basi lake lilikuwa limeanza kurudi nyuma. “Basi hilo halimo kwenye mtihani wa mtu yeyote.”